Hitilafu ya Umeme Inayokuja na Kutoweka: Kwa Fundi Mpya wa Magari

Siku moja utaletewa gari ambalo limemzimikia dereva barabarani mara tatu ndani ya wiki moja, na mbele yako litawaka mara moja na kunguruma mchana kutwa bila dosari. Tulipoanza kazi hii wengi wetu tulifanya kosa lile lile: tulibadilisha rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), kisha sensa, kisha alteneta, na kila mara gari liliondoka likiwa zima, likarudi baada ya siku chache. Kifaa kipya hakikuwa kimeponya chochote. Tulipochomoa na kuchomeka plagi ya kuunganishia nyaya, pini zenye kutu zilisuguana zikashika kwa muda.

Kwa hiyo usibadilishe kitu kabla hujaifanya hitilafu ijitokeze. Mhoji dereva kwa subira: je, gari huzimika likiwa limepata moto au likiwa bado baridi, baada ya mvua au kuoshwa, kwenye matuta, au anapowasha taa na feni kwa pamoja? Lehemu iliyopata ufa huachana kwa joto, unyevu huingia kwenye plagi iliyopoteza mpira wake, na mtikisiko hutenganisha waya uliokatika ndani ya ganda ambalo kwa nje halina alama yoyote. Ukishapata jibu, igiza hali hiyo hapo gereji. Tikisa kifungu kimoja cha waya kwa wakati mmoja injini ikiwa inanguruma, mikono ikiwa mbali na mikanda, au pasha moto sehemu unayoishuku kwa mashine ya kukaushia nywele. Mimi huanzia pale waya unapopindwa kila siku, kama kwenye bawaba za mlango.

Misimbo ya hitilafu, yaani namba ambazo kompyuta ya gari huandika inapoona tatizo, isome kabla hujachomoa betri, kwa sababu magari mengi huhifadhi pia mwendo na joto la injini wakati msimbo ulipoandikwa, na kumbukumbu hiyo inaweza kufutika. Lakini kumbuka kwamba msimbo hutaja mzunguko wa umeme wenye tatizo, na mzunguko una waya, plagi na ethi (njia ya umeme kurudi kwenye nguzo hasi ya betri), si sensa peke yake. Misimbo ya vifaa visivyohusiana ikijitokeza kwa pamoja, tafuta kile ambacho vifaa hivyo vyote hukitumia kwa pamoja.

Hilo lilinigharimu siku mbili kwenye basi dogo ambalo taa zote za tahadhari kwenye dashibodi ziliwaka kila lilipopita kwenye mashimo. Nilipima ukinzani wa waya mkuu wa ethi, mita ikaonyesha omu 0.2, yaani kiasi kile kile inachoonyesha nyaya zake zenyewe zikigusanishwa, nikauhesabu kuwa mzima. Kumbe kipimo hicho hutumia mkondo mdogo mno, na hata uzi mmoja wa shaba uliobaki unaweza kuupitisha. Siku ya tatu nikaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye bloku ya injini, nikamwomba msaidizi apige stata: volti 1.4, mahali ambapo sikutarajia hata nusu volti. Hesabu yake ni rahisi, kwani stata inayovuta ampea 150 kupitia omu 0.01 tu, ukinzani ambao mita ya kawaida haiuoni, hupoteza volti 1.5.

Waya wenyewe ulikuwa mzima. Basi lilikuwa limepakwa rangi upya miezi michache nyuma, jambo ambalo dereva angeniambia siku ya kwanza kama ningemuuliza, na rangi ilikuwa imeingia chini ya kichwa cha waya pale unapofungwa kwenye chasisi, huku nati ikiwa haijakazwa vizuri.

Nilikwangua mpaka chuma kikang'aa, nikafunga, kisha nikailegeza nati makusudi na kulitikisa basi: taa zikawaka. Nikaikaza, zikazima. Ndipo nikapanda na dereva tukapita njia ile ile yenye mashimo, kabla sijamwandikia bili.