Kinga ya mwili na mageuko ya binadamu: maswali yenu na majibu

Maswali mengi ya safari hii yanazunguka jambo moja: kama mwili wa binadamu bado unabadilika, na kama chanjo na dawa zinausaidia au zinauharibu. Nimeyapanga kwa jinsi yanavyofuatana, si kwa jinsi yalivyofika.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Tumefundishwa mageuko ya viumbe, lakini mifano yote ni ya ndege na nondo. Je, binadamu ameshamaliza kubadilika?

Hajamaliza, na huenda ushahidi umo kwenye damu yako mwenyewe. Chukua selimundu. Herufi moja tu imebadilika katika maelekezo ya kutengeneza himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Mtoto akirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, chembe zake hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kumletea maumivu makali mno. Wengi waliorithi hivyo zamani walikufa kabla hawajazaa. Kwa hesabu hiyo jeni yenyewe ingekuwa imekwisha kitambo.

Haikuisha. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha sababu: mtu aliyerithi jeni moja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa asipatwe na malaria kali. Ndiyo maana selimundu imeenea zaidi palepale ambapo malaria ilitawala kwa muda mrefu, yaani Afrika ya kitropiki, sehemu za India, Uarabuni na kandokando ya Mediterania. Mbu ndiye aliyeibakiza.

Mfano wa pili ni maziwa. Mamalia akishaacha kunyonya, uwezo wake wa kumeng'enya sukari ya maziwa hupungua, na ndivyo ilivyo kwa watu wengi duniani. Lakini katika jamii zilizoishi kwa mifugo, watu wengi hubaki na uwezo huo hadi uzeeni. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba badiliko la jeni walilo nalo wafugaji wengi wa Afrika Mashariki silo lile la watu wa Ulaya. Yalizuka mbalimbali yakaleta matokeo yaleyale, na yote ni ya miaka elfu chache iliyopita. Kwa mageuko, hiyo ni juzi tu.

Ni mama wa watoto watatu. Jirani ananiambia zamani watoto dhaifu walikufa, wenye nguvu wakabaki, ndiyo maana wazee walikuwa imara. Je, chanjo hazitudhoofishi kama kizazi?

Mama, swali lako nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba sitalijibu kwa mkato.

Kwanza tuulizane, dhaifu ni nani? Uteuzi asilia haupimi nguvu za jumla. Hupima tu nani amenusurika na ugonjwa uliopo, mahali hapo, wakati huo. Jeni inayomkinga mtu na malaria ndiyo inayomtesa mwanawe kwa selimundu. Mwaka 2020 Hugo Zeberg na Svante Pääbo waligundua kipande cha vinasaba kinachoongeza hatari ya kuugua UVIKO-19 vibaya. Kipande hicho tulikirithi kwa Neanderthali, wale binadamu wa kale waliotoweka. Ni cha kawaida Asia Kusini, na Afrika karibu hakipo. Waliokuwa nacho waliishi na kuzaa kwa makumi ya maelfu ya miaka, wala hakuna ambaye angeweza kuwanyooshea kidole kwamba ni dhaifu, hadi virusi vipya vilipokuja. Mtoto anayekufa kwa kifaduro leo huenda ndiye aliyekuwa na jeni za kuhimili janga la kesho. Si bahati kwamba jeni za HLA, zinazosaidia seli kuonyesha kinga vipande vya vimelea, zina aina nyingi kuliko karibu jeni nyingine zote tulizo nazo. Utofauti huo ni akiba ya jamii nzima, na kila mtoto anayeokolewa anaiongeza.

Pili, tazama uteuzi huo unavyolipwa. Jeni ya selimundu ilienea kwa sababu watoto wasiokuwa nayo walikufa kwa malaria, kizazi baada ya kizazi, na wenye nazo mbili nao wakafa. Anayesema "wenye nguvu walibaki" anaruka makaburi hayo. Na hata baada ya malipo hayo yote, mara nyingi kinga yenyewe haikuja. Binadamu aliishi na ndui kwa karne nyingi, na bado ile aina yake kali iliua takriban watu watatu katika kila kumi waliougua. Kilichoimaliza ni chanjo, kazi aliyoianza Edward Jenner mwaka 1796. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na baadaye akawa anawahimiza wazazi wakubali chanjo ya polio. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa.

Tatu, na hili ndilo ningependa umpelekee jirani: chanjo haiupumzishi mwili, inaupa kazi. Katika uboho, kila seli B, yaani seli ya kinga inayotengeneza kingamwili (protini zinazoshika vimelea), inapokomaa huchanganya vipande vya jeni na kuviunga upya, hata mwili ukawa na mamilioni ya kingamwili za maumbo mbalimbali kabla haujakutana na ugonjwa wowote. Susumu Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kugundua jambo hilo. Chanjo inapoingia, seli chache ambazo kingamwili zake zinakaribia kushikana nayo huamka na kuzaana ndani ya tezi za limfu. Zinapozaana hukosea kidogo katika kunakili jeni ya kingamwili, tena kwa wingi kuliko kawaida. Nakala zinazoshika vizuri zaidi huendelea, zinazoshika vibaya hufa. Baada ya wiki chache mwili una kingamwili bora kuliko ulizoanza nazo. Hayo ni mageuko kamili, yana mabadiliko, mashindano na uteuzi, ila yanatokea ndani ya mtoto mmoja aliyelala kitandani kwake, na zinazokufa ni seli.

Basi si afadhali mtoto augue surua yenyewe, apate kinga ya asili?

Kinga ya aliyepona surua ni ya kweli na hudumu. Shida ni bei yake. Virusi vya surua hushambulia hasa seli zinazotunza kumbukumbu ya magonjwa yaliyopita. Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto wasiochanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, wakakuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao dhidi ya vimelea vingine. Mtoto anapona vipele, mzazi anashukuru, halafu miezi inayofuata nimonia na kuhara vinamkuta kama hajawahi kujifunza lolote. Chanjo ya surua haifuti kumbukumbu hiyo. Mpeleke, na usisahau dozi ya pili.

Nimetumia antibiotiki mara nyingi na sasa hazinisaidii. Je, mwili wangu umezoea dawa?

Mwili wako haujazoea kitu. Waliobadilika ni bakteria. Wakipata chakula na joto la kutosha, baadhi yao hugawanyika kila dakika 20. Piga hesabu: katika miaka 25, muda wa kizazi kimoja cha watu, wao wanaweza kupita vizazi zaidi ya 600,000. Tena hupeana jeni za usugu wao kwa wao, hata walio wa jamii tofauti, kwa hiyo bakteria sugu aliye mwilini mwako huenda hakuzaliwa kwako. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi pungufu zitawafundisha vijidudu kuishinda dawa.

Usinywe antibiotiki kwa mafua, maana hayo ni ya virusi na dawa haivigusi. Usigawane vidonge na mtu. Kama maambukizi yanarudirudi, omba kipimo cha kalcha, ambapo vimelea huoteshwa maabara na kujaribiwa dawa moja moja, ili upewe inayofanya kazi badala ya kubahatisha.

Ni kweli kwamba kila ugonjwa hupoa wenyewe kadiri miaka inavyokwenda?

Si sheria. Mwaka 1950 virusi vya miksoma viliachiliwa Australia kupunguza sungura. Mwanzoni viliua zaidi ya 99 katika kila 100 walioambukizwa. Baada ya miaka michache aina zilizo pole kiasi zikashika nafasi, kwa sababu sungura anayekufa haraka huwapa mbu muda mfupi wa kubeba virusi. Wengi huishia hapo wanaposimulia. Sungura nao walijenga ustahimilivu, na baadaye zikatokea aina za virusi zilizo kali tena. Virusi havitafuti upole wala ukali. Kinachobaki ni kile kinachoenea. Kichaa cha mbwa kimejulikana kwa maelfu ya miaka, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Vipi vinywaji vya "kupandisha kinga"?

Okoa fedha zako. Kinga si tangi la kujazwa. Ikizidi ukali, hushambulia viungo vyako mwenyewe au kukuletea mzio. Chakula cha kutosha, usingizi, kuacha sigara na chanjo, basi.

Mimi na mchumba wangu tumeambiwa sote tuna jeni moja ya selimundu. Tufanyeje?

Sitawaambia muoane wala muachane. Uamuzi ni wenu. Nitawapa hesabu. Katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne mtoto awe na selimundu, mbili kati ya nne awe mbebaji kama ninyi, na moja kati ya nne asirithi jeni hiyo kabisa. Kila mimba huanza upya. Mtoto wa kwanza akizaliwa mgonjwa, haina maana watatu wanaofuata wako salama.

Mkizaa, mtoto apimwe katika siku au wiki za kwanza, msingoje dalili. Miezi ya mwanzo hulindwa na himoglobini ya utoto, na inapopungua ndipo matatizo huanza. Akigundulika mapema hupewa penisilini ya kila siku katika miaka yake ya kwanza, chanjo ya nimokokasi (bakteria wanaoleta nimonia), dawa ya kuzuia malaria palipo na malaria, na daktari akiona inafaa, haidroksiurea, ambayo hupunguza sana vipindi vya maumivu. Ninyi wenyewe laleni ndani ya chandarua kama mko penye mbu wa malaria, kwa kuwa jeni moja huzuia ugonjwa usiwe mkali, haizuii kuambukizwa. Na mkienda kumpima mtoto, ulizeni kipimo chenyewe ni kipi. Kile cha haraka kinachoangalia tu kama chembe zinapinda hakiwezi kumtofautisha mbebaji na mgonjwa, wala hakitegemewi kwa mtoto mchanga. Mnachohitaji ni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kama elektroforesisi.