Barua kwa mwanangu: Dagaa wa shangazi yako hawana mchanga

Igombe, Mwanza

Mwanangu,

Sisi wazima, mvua tu ndiyo inatutesa, dagaa hawakauki. Umeniuliza kama yule mama muuza dagaa kwenye kitabu ulichonunua Dodoma ni shangazi yako, na kama mwenyewe anajua. Ni yeye, na anajua.

Mwandishi alipanga chumba cha uani kwetu kabla hujazaliwa. Alikuwa kijana mpole, anashinda mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na daftari lake, tukamdhania karani wa mnada. Kumbe anaokota maneno yetu. Lile la "Nidai giza likiingia" ni la shangazi yako neno kwa neno. Wasomi wenu huko watasema ni fumbo la kifo. Si fumbo, mama. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika na mwalo mzima hauna hela. Alikuwa anawajibu wadai wake tu. Hata kule kufungua pindo la kitenge kwa meno ndipo atoe chenji, ni yeye kabisa.

Ila mume kumkimbia, na yeye kuchoma mtumbwi wa watu, hayo kayatunga. Mimi ndiyo yaliyoniudhi. Nilitaka nimtafute nimwambie tulimpa chumba, hatukumpa dada yetu. Nikaona kwanza nimsomee mwenye habari.

Tulikaa barazani jioni tatu. Pa mume akacheka: "Heri angenikimbia kweli, ningepumzika." Pa mtumbwi akasema moto umewashwa vizuri. Tulipofika pale mama yule anapoanika dagaa mchangani, akanyoosha mkono. "Soma tena." Nikasoma. Akanyamaza, halafu: "Mimi? Mchangani?"

Unajua miaka yote ameanika juu ya kichanja, wavu umevutwa ukakaza, anawageuza kwa kiganja huku akitoa majani. Dagaa wa mchangani hutafunwa kwa mashaka na bei yake iko chini. Sasa kitabu kizima kimemweka kundi hilo! Hajalala vizuri siku mbili.

Ukauliza kama mwandishi ana haki. Mzee Aniceti Kitereza, hapo ng'ambo Ukerewe, yeye na mkewe walizika watoto wao, naye akaandika juu ya mume na mke wanaohangaika kupata mtoto. Alimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, Kiswahili chake kikatoka 1980. Yule alichota kwenye mtungi wake. Huyu wetu alichota kwa jirani bila kubisha hodi, na hodi ndiyo ninayomdai, si zaidi.

Ukija Desemba njoo na nakala yako, yangu shangazi yako ameichukua. Anawaonyesha wateja ukurasa ule, anawaambia waguse dagaa wake kwanza kabla hawajaamini vitabu. Na mauzo, nasikia, yamepanda.

Baba yako