Kwa mnaoanza fiziotherapia: mguu ulioteguka

Mliokuja mafunzo ya vitendo hapa Mwanza, vifundo vya miguu vilivyoteguka mtaviona mpaka mvichoke. Mji wetu umekaa juu ya mawe. Mtu anashuka mtaa wa mlimani wa Bugarika alfajiri, mvua imenyesha, mguu unapinda kwa ndani, ligamenti ya upande wa nje, yaani utepe unaoshikanisha mfupa na mfupa, inachanika.

Kabla ya yote, bonyezeni mfupa, hasa ukingo wa nyuma wa zile nundu mbili za kifundo, kisha apige hatua nne. Mfupa ukiuma au hatua zikimshinda, eksirei kwanza.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini maumivu. Kuli mmoja wa soko la Mwaloni Kirumba aliniambia wiki ya tatu, "Daktari, hakuumi tena." Nikamruhusu akabebe magunia ya dagaa. Hazikupita siku nyingi akarudi anachechemea, kifundo kimevimba kuliko mwanzo.

Maumivu huondoka mapema. Uimara huja nyuma sana. Siku za kwanza ni za uvimbe, mwili ukisafisha palipoharibika. Wiki zinazofuata mwili huziba pengo kwa kolajeni changa, protini inayofanya nyuzi za ligamenti, nazo nyuzi zimelala ovyo kama wavu uliobwagwa ufukweni. Baadaye huja kolajeni imara zaidi, na nyuzi hujipanga kufuata upande zinakovutwa. Kazi hiyo ni ya miezi, pengine mwaka na zaidi, kwa kuwa ligamenti hupata damu kidogo. Wavuvi ukiwaambia kovu ni kiraka cha wavu, huhitaji kueleza zaidi.

Kwa hiyo kumfunga hogo wiki sita kwa mteguko mdogo ni kumdhulumu: uzi usiovutwa haujui pa kuelekea. Achezeshe kifundo mapema, akanyage kadiri anavyostahimili, kisha asimame mguu mmoja anapopiga mswaki. Msimwahidi kwamba ligamenti iliyolegea itakaza kama zamani. Mara nyingi misuli na mizani ya mwili ndivyo vinavyoziba upungufu huo.

Goti lina mambo yake. Ligamenti ya upande wa ndani hupona vizuri bila upasuaji. Ile ya mbele inayopita katikati ya goti, ikikatika kabisa, mara nyingi haijiungi yenyewe, maana majimaji ya goti huizuia damu kuganda pale.

Na bibi aliyemkanda mgonjwa kwa maji ya moto usiku uleule, msimgombeze. Mwambieni asubiri uvimbe upungue. Mazoezi ya nyumbani atayasimamia yeye.