Mbu wa Masika na Mbu wa Kaskazi: Maswali ya Wasomaji wa Mombasa

Maswali mengi yaliyofika safari hii yanahusu homa na mbu, jambo lisiloshangaza kwa kuwa kusi inaishia na mvua za vuli zimekaribia. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Mtaani kwetu mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa na madimbwi yamekauka, lakini mbu tunao mchana na usiku. Tulifundishwa shuleni kwamba mbu huzaliana katika madimbwi. Hawa wanatoka wapi? (Msomaji, Kisauni)

Kwa sehemu kubwa wanatoka katika maji mliyoyaweka wenyewe. Mafunzo ya shuleni hayakuwa na kosa, ila yalimzungumzia mbu mmoja tu, anofelesi, ambaye hueneza malaria, huuma usiku na hupendelea maji yaliyotulia yasiyo na uchafu mwingi, kama vile madimbwi ya mvua na mashimo ya machimbo ya mawe. Tena katika jamii yake yumo anayestahimili hata maji ya chumvichumvi yaliyo karibu na mikoko. Wa pili ni edesi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeeneza dengi na chikungunya. Huyu huuma mchana, zaidi asubuhi jua likishachomoza na tena kuanzia alasiri hadi karibu na Magharibi, naye hataki dimbwi: anataka chombo. Pipa la bafuni, mtungi uliosahauliwa uani, tairi kuukuu, kifuu cha nazi, sahani iliyo chini ya chungu cha maua, vyote ni nyumba yake. Wa tatu ni kuleksi, ambaye maji machafu ya mitaro iliyoziba na mashimo ya vyoo ndiyo yanayomfaa.

Sasa tazameni hali ya mji wetu. Mombasa hutegemea maji yanayovutwa kutoka mbali, yakiwemo ya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, nayo hayatoshi, kwa hiyo mfereji hutoka leo na kukauka siku kadhaa, na kila nyumba hulazimika kuweka akiba. Kaskazi inapokuwa kali, kuanzia Januari hadi Machi, akiba huongezeka na maji hukaa zaidi bila kubadilishwa, na joto nalo hufanya viluwiluwi wakue upesi. Ndiyo sababu ukame haumalizi mbu wa mjini. Mlipuko wa chikungunya wa mwaka 2004, ulioanzia Lamu na kufika Mombasa, ulitokea wakati wa ukavu usio wa kawaida, na watafiti waliouchunguza waliuhusisha na maji yaliyohifadhiwa majumbani. Mlipuko mwingine wa ugonjwa huohuo uliikumba Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017 ukaingia mwaka 2018, yaani katika majira ya kaskazi.

La kufanya ni kuvunja mzunguko wa mbu kabla haujakamilika. Katika joto letu, yai la edesi huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi hivi, kwa hiyo chombo kinachomwagwa na kusafishwa kila wiki hakitoi mbu. Lakini kumwaga peke yake hakutoshi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea: edesi hubandika mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa kisha yakaanguliwa siku yatakapofikiwa na maji. Pipa lililomwagwa na kujazwa tena bila kusuguliwa linabaki na mbegu yake. Lisugueni kwa brashi na sabuni, mlisuuze, kisha mlifunike. Kama kifuniko hakipo, kitambaa chepesi kilichovutwa vizuri na kufungwa kwa kamba au mpira kinafaa, mradi kisilegee katikati kikashika maji juu yake. Tangi lililo juu ya dari nalo lina bomba la kutolea maji yanayozidi. Likazeni wavu mdomoni. Vyombo visivyo na kazi, kama makopo na vifuu, mviondoe au mvipindue, na mashua iliyopandishwa ufukweni ilale kifudifudi.

Nawasisitizia jambo hili kwa sababu edesi haruki mbali. Mara nyingi anayekuuma sebuleni amezaliwa uani mwako au kwa jirani yako wa karibu, kwa hiyo nyumba kumi za mtaa mmoja zikikubaliana siku moja ya wiki ya kusugua vyombo, zitapata nafuu ambayo nyumba moja haiwezi kuipata peke yake.

Mume wangu amekuwa na homa mara mbili mwaka huu. Kila mara alinunua dawa ya malaria dukani, na safari ya pili viungo vilimuuma hata akashindwa kushika kikombe. Je, malaria imekuwa sugu? (Mama, Majengo)

Huenda haikuwa malaria hata kidogo. Mama, hapa Pwani tumezoea kuiita kila homa malaria, mazoea yaliyokuwa na sababu zama ambazo malaria ilikuwa imeenea mno, lakini leo homa kali mjini inaweza kuwa dengi, chikungunya, homa ya matumbo au maambukizi mengine, na kwa macho tu hata daktari hodari hawezi kuzitenganisha kwa uhakika. Maumivu makali ya viungo vidogo vya mikono na miguu huelekea zaidi kwenye chikungunya, na yanaweza kuendelea kwa wiki au miezi baada ya homa kuondoka. Maumivu ya nyuma ya macho, misuli na mgongo, pamoja na vipele, huelekea kwenye dengi. Hata hivyo dalili hizo ni za kukisia tu. Kipimo cha damu cha malaria hupatikana katika zahanati na majibu hutoka kwa muda wa dakika ishirini hivi, na ndicho kinachopaswa kutangulia dawa.

Kipimo kikionyesha malaria, dawa ya kawaida nchini ni ile ya mseto inayojulikana kwa kifupi kama AL, ambayo humezwa mara sita katika siku tatu. Dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya muda wa saa nane, na zote zimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kwa kuwa mafuta huisaidia dawa kuingia mwilini. Asiache njiani kwa kuona homa imeshuka siku ya pili.

Kipimo kisipoonyesha malaria, tafadhali msimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha, na jambo lililo zito zaidi ni kwamba msinunue aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki mpaka dengi iondolewe shaka. Dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu kwa mgonjwa wa dengi, nazo ndizo wanazopewa wengi dukani wanapolalamikia maumivu ya mwili. Paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, mapumziko, na vinywaji vingi, yakiwemo maji ya dafu, uji na maji ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, ndiyo matibabu ya dengi ya kawaida.

Kuna siku za hatari ambazo jamaa wengi hawazitazami. Dengi huelekea kugeuka kuwa kali pale homa inaposhuka, baina ya siku ya tatu na ya saba, wakati ambapo kila mtu nyumbani anashukuru kwamba mgonjwa amepona. Akipata maumivu makali ya tumbo, akitapika bila kukoma, akitokwa na damu kwenye ufizi au puani, akilegea kupita kiasi au akihangaika bila kutulia, apelekwe hospitalini saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Aliyewahi kuugua dengi aangaliwe zaidi, kwa sababu virusi vyake vina aina nne. Kuugua aina moja hakukingi dhidi ya nyingine, na ugonjwa wa mara ya pili unaweza kuwa mzito kuliko wa kwanza.

Tunaishi katika nyumba ya kale yenye kisima cha ndani, na msikiti wa jirani una birika la maji ya kutawadhia. Wazee walikuwa wakitia mafuta ya taa ili kuua viluwiluwi. Je, inafaa? (Msomaji, Mji wa Kale)

Mafuta ya taa huua viluwiluwi kwa kuwazuia kupumua juu ya maji, kwa hiyo wazee hawakuwa wakifanya upuuzi. Lakini maji hayo hayafai tena kunywewa, kupikiwa wala kutawadhia, na oili chafu ya magari ni mbaya zaidi kwa kuwa huingia ardhini na kuviharibu visima vya majirani. Kisima kifunikwe kwa mfuniko unaokaza, wenye tundu la ndoo linalofungwa. Birika la wazi linaweza kuwekewa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi, jambo ambalo kamati ya msikiti ni lazima ilijadili na kuliridhia kwanza. Zipo pia dawa za kuua viluwiluwi zilizokubaliwa kutumika katika maji ya kunywa, lakini vipimo vyake ni vidogo sana, kwa hiyo mwiteni afisa wa afya ya umma azitie yeye. Si dawa za kukisiwa kwa kijiko.

Chandarua kinatupa joto, na watoto wangu huumwa na mbu mchana wakiwa chuoni, yaani madrasa. Chandarua kina faida gani basi? (Baba wa watoto watatu, Likoni)

Faida yake iko palepale, kwa sababu mbu wa malaria bado huuma usiku. Kuhusu joto, chandarua cha pembe nne kilichotundikwa juu na kwa upana hupitisha hewa kuliko cha duara kinachomgusa mlalaji, na kinachogusa ngozi humruhusu mbu kuuma kupitia matundu yake. Kifueni kwa sabuni ya kawaida bila jiki, mkianike kivulini kwa kuwa jua hudhoofisha dawa iliyomo, na tundu lishonwe mara linapoonekana. Baada ya miaka mitatu hivi kinahitaji kubadilishwa. Mtoto mchanga anayelala mchana naye alazwe ndani ya chandarua, kwa sababu ya edesi.

Ama watoto wa chuoni, mbu huwapata miguuni wanapoketi kwenye mkeka, hasa vyumba vikiwa na kiza na vitu vingi pembeni. Kanzu na suruali ndefu husaidia. Rangi nyepesi ni bora, kwa kuwa edesi huvutwa na rangi za giza. Mafuta ya kujipaka ya kufukuza mbu yanafaa yakiwa na kiambato kinachojulikana, kama DEET ya asilimia 20 hadi 30, lakini watoto walio chini ya miezi miwili wasipakwe. Wanaotawadha wakumbuke kwamba maji huyaondoa mafuta hayo miguuni na mikononi, kwa hiyo yapakwe tena baada ya udhu. Kwa maoni yangu, hata hivyo, mwalimu wa chuo akisimamia usafi wa mapipa ya maji ya udhu yaliyopo uani pake, atawakinga wanafunzi wengi zaidi ya chupa yoyote ya mafuta.

Kwa nini serikali ya kaunti isipulize dawa mitaa yote kila mwezi tukapumzika? (Msomaji, Tudor)

Kwa sababu moshi ule huua mbu wazima wanaoruka wakati huo tu. Viluwiluwi walio ndani ya mapipa hauwagusi, na edesi hupenda kujificha ndani ya nyumba, chini ya kitanda na nyuma ya makabati, ambako moshi wa barabarani hauingii vizuri. Siku chache baadaye wanatoka wengine. Kupuliza kuna nafasi yake mlipuko unapozuka. Nje ya hapo naona fedha hizo zingefaa zaidi zikielekezwa kwenye ukaguzi wa vyombo, uzoaji wa taka na maji ya mfereji yanayotoka kila siku.

Nina mimba ya miezi minne. Kliniki walinipa vidonge vitatu vya kumeza mbele yao, nami si mgonjwa. Ni vya nini? (Mama mtarajiwa, Changamwe)

Bila shaka ni SP, dawa ya kuzuia malaria ambayo hutolewa kwa wajawazito wa maeneo yenye malaria kuanzia kipindi cha pili cha mimba, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Malaria ya mjamzito inaweza kujificha katika kondo la nyuma bila homa, ikampunguzia damu mama na kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Kama unatumia septrini kila siku, mwambie muuguzi, kwa sababu hazipaswi kuchanganywa. Chandarua pia ni haki yako kliniki, kiulize.

Jamaa zetu wa Nyeri watakuja Desemba. Wajikinge vipi? (Msomaji, Bamburi)

Wenyeji wa nyanda za juu zenye baridi hawana kinga ya malaria kama baadhi ya watu wa Pwani, kwa hiyo wamwone daktari mapema kuhusu dawa za kinga, walale ndani ya chandarua na wajipake mafuta mchana. Wakipata homa baada ya kurudi kwao, hata wiki kadhaa zikiwa zimepita, wamwambie daktari kwamba walikuwa Pwani, maana malaria huchukua siku saba au zaidi kujitokeza, na zahanati ya kwao yaweza isiifikirie.

Udi, kivumbasi na vitunguu saumu, je? (Wasomaji kadhaa)

Moshi wa kivumbasi hupunguza kuumwa kwa muda, pale pale unapofuka. Udi unanukia vizuri. Kitunguu saumu kiachiwe mchuzi.