Ukienda Charleston, anzia gatini

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekua nikijua kwamba mwezi ukipevuka maji yanapanda, na mwenye akili hauachi mtumbwi wake chini. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo anaegeshaje gari kwenye mtaa wa bondeni, Charleston, Marekani, usiku wa mwezi mpevu wa Oktoba, halafu akaenda zake kulala? Asubuhi nilikuta maji ya chumvi yamefika nusu ya tairi. Jua linawaka, hakuna hata wingu la kusingizia. Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake alinitazama, akayatazama maji, akasema, "Saa nne yatakuwa yametoka," akaendelea na mbwa wake. Kweli, saa nne mtaa ulibaki na tope na majani, na mimi nikabaki na breki zinazolia.

Bamvua, ndugu zangu. Nimevuka bahari nzima kuja kuaibishwa na bamvua.

Kwa hiyo kabla hujaulizia hoteli wala chakula, tafuta jedwali la maji kupwa na kujaa la bandari ya Charleston. Lipo bure mtandaoni. Mji huu wa South Carolina, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1670, umekaa kwenye rasi kati ya mito miwili, Ashley na Cooper. Sehemu kubwa ya rasi hiyo zamani ilikuwa vijito na mabwawa ya chumvi. Wakafukia, wakajenga juu yake. Maji ya bamvua yakija yanafuata njia zake zile zile, ila siku hizi njia hizo zina lami na mita za kulipia maegesho. Lipia jengo la maegesho la ghorofa, panda juu, liache gari huko mpaka siku ya kuondoka. Katikati ya mji panatembeleka kwa miguu, na kuna basi dogo la bure linalozunguka.

Julai na Agosti usiende, labda kama unalikumbuka sana jasho la Tanga. Machi na Aprili maua yanachanua na bei za vyumba zinachanua pamoja nayo, na mitaa inajaa vikundi vya mabibi harusi watarajiwa na rafiki zao wa kike, wamevaa sare, wanapiga vigelegele vya Kimarekani hadi usiku wa manane. Kuanzia Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga; watu wazima bado wanasimulia Hugo ya 1989. Halafu kuna visubi. Usidanganyike kwamba nchi tajiri haina visubi. Mimi safari ya pili nilikwenda Februari, nikiwa na koti jepesi, na sijapata kujutia.

Safari ya kwanza, ile ya bamvua, tulikuwa mimi, mke wangu na watoto. Tuliendesha saa tatu na nusu hivi kutoka Charlotte tunakoishi. Tukafanya kama wageni wote wanavyofanya: tukapanda gari la farasi. Nakiri kwamba mji ni mzuri. Nyumba ni nyembamba, zimeelekeza ubavu barabarani, upana wa chumba kimoja tu, na upande mmoja una veranda ndefu ya kupokea upepo wa bahari. Mlango unaouona barabarani hauingii sebuleni, unaingia verandani. Dari za veranda nyingine zimepakwa rangi ya samawati, na kwa Wagullah, watu weusi wa pwani ile, rangi hiyo ni ya kuzuia mizimu. Kwenye kuta utaona vyuma vya duara kama vifungo vya koti: vyuma hivyo vimeshikilia nyumba tangu tetemeko la ardhi la 1886. Ziko nyumba 13 za rangi rangi zimejipanga mtaa wa East Bay, kila mtu anapiga picha, nasi tukapiga.

Ila mwongozaji wetu, kwa saa nzima, alitaja rangi, samani, familia kubwa na mizimu. Watumwa waliozijenga aliwaita "watumishi", mara mbili. Wanangu walichokumbuka ni kwamba farasi akikojoa, dereva anaangusha alama barabarani na gari la maji linakuja kusafisha. Sikuwalaumu. Hakukuwa na kingine cha kukumbuka.

Safari ya pili nilikwenda na mdogo wangu wa kike aliyekuja kutembea kutoka Dar. Nikamwambia nyumba hatuziangalii leo, tunaanzia gatini.

Gati lenyewe ni la Gadsden, upande wa mto Cooper. Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 40 ya Waafrika walioletwa utumwani katika nchi ambayo leo ni Marekani waliingilia bandari ya Charleston, na gati hili ndilo lililopokea wengi mwishoni, kabla biashara ya kuwaingiza haijapigwa marufuku mwaka 1808. Mwaka 2023 pakafunguliwa makumbusho, International African American Museum. Jengo limenyanyuliwa juu ya nguzo 18, karibu mita nne kutoka chini, na ardhi ikaachwa wazi. Kuingia ndani unalipa, na ni vizuri ukate tiketi mapema, lakini bustani ya chini ni bure, na kama una saa moja tu Charleston nzima, itumie pale. Kuna kidimbwi cha kina kifupi ambacho maji yake yanajaa na kupwa. Yakipwa, sakafuni zinatokeza sura za watu waliolazwa ubavu kwa ubavu kama walivyopangwa kwenye merikebu. Yakijaa, zinapotea, unabaki kuona mbingu.

Mdogo wangu alisimama pale hadi maji yakarudi mara ya tatu. Tukiwa wadogo tulipelekwa Mkunazini, Unguja, kuona soko la watumwa lilipokuwa, na nilidhani atasema kitu kuhusu hilo. Alichosema ni, "Kaka, hawa hawakuwa wa kwetu." Ni kweli, wengi walitoka Afrika Magharibi, Kongo na Angola. Baada ya muda akaongeza, "Lakini wangekuwa." Tukaondoka.

Ukianzia hapo, nyumba zile zile unaziona upya. Tulipita mtaa wa Chalmers, wenye mawe ya mviringo yanayovunja viatu, ambako mnada wa watu uliingizwa ndani ya kuta baada ya mji kukataza kuuza watu barabarani mwaka 1856. Leo ni makumbusho madogo. Tulipita kanisa la Emanuel, walimouawa watu tisa wakiwa kwenye mafunzo ya Biblia mwezi Juni 2015. Liko mtaa wa Calhoun, jina la mwanasiasa aliyeutetea utumwa bila haya. Sanamu yake, iliyokuwa jirani na kanisa, waliiteremsha 2020. Jina la mtaa lipo. Na kwenye ukuta mmoja wa matofali ya zamani mdogo wangu akaona vishimo vitatu vidogo. Alama za vidole, zilizobaki udongo ulipokuwa mbichi. Akajaribu kuweka vyake, havikuenea. Kazi ya kugeuza matofali ilifanywa na watoto pia.

Sokoni nenda asubuhi. Soko la City Market limejaa fulana na sumaku za friji, usivipotezee muda. Tafuta akina mama wanaoshona vikapu. Nasema kushona, si kusuka: anachukua majani marefu, anayafanya kamba nene, anaizungusha pindi juu ya pindi, na kila pindi anaifunga kwa ukanda wa jani la mti unaofanana na mtende, kama miaa yetu. Sindano yake ni mpini wa kijiko uliochongwa. Mama mmoja alikuwa na chombo kipana chenye kingo fupi, na kabla sijauliza, mdogo wangu alikinyanyua akaanza kupepeta hewa. Yule mama aliacha kushona. "Nani kakufundisha hivyo, mwanangu?" Mdogo wangu akamjibu, "Bibi." Kumbe mababu zao walipepetea mpunga kwa chombo hicho hicho; mpunga ndio uliotajirisha mji huu, na wenye ujuzi wa kuulima walikuwa hao waliotekwa. Kwetu ni ungo.

Hapo nikafanya kosa. Kikapu cha kuwekea funguo kilikuwa zaidi ya dola 50, nikaanza kupatana kama niko Kariakoo. Yule mama hakukasirika, alinieleza tu kwamba majani yanazidi kuwa adimu kwa sababu fukwe yalipoota zimejengwa majumba na kuwekewa mageti, na wengine huyafuata hadi Georgia na Florida. Nikalipa bei nzima, na nyongeza ya aibu. Nyinyi msipatane.

Kuhusu chakula, nasema hasa na Waislamu wenzangu: jihadharini. Wali mwekundu, ule ndugu wa jollof ya Afrika Magharibi, mara nyingi una nguruwe. Mboga za majani zimechemshwa na nguruwe. Supu yao maarufu ya kaa hutiwa mvinyo. Kamba na grits ni kizuri sana, ila uliza kwanza kama wametia soseji. Hizo grits ni mahindi yaliyopondwa na kupikwa mazito. Mke wangu aliziita ugali uliokata tamaa. Tulichokula kwa amani ni samaki, bamia za kukaanga, na karanga za kuchemsha zinazouzwa kando ya barabara, zina chumvi barabara, ungedhani umeshuka stendi ya Segera. Biskuti nyembamba za ufuta wanaziita benne, neno lililokuja na watu kutoka Afrika Magharibi. Nunua za kubeba.

Bei ndiyo dosari isiyo na dawa. Kila kitu katikati ya mji ni ghali, na si kwa mgeni tu. Miaka ya 1980 watu weusi walikuwa wengi kwenye rasi ile. Leo ni wachache, kodi imewasukuma nje. Nasi tulilala North Charleston, tukaokoa fedha ya kutosha kununulia kikapu cha pili.

Jioni ya mwisho tulipanda daraja la Ravenel kwa miguu. Ni bure, lina njia ya waenda kwa miguu, na upepo wake utakuvua kofia. Kutoka juu unaiona bandari yote hadi ngome ya Sumter, ambako vita vya Marekani wao kwa wao vilianza Aprili 1861. Nikamsimulia mdogo wangu habari za Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa akishika usukani wa meli ya Planter. Alfajiri ya Mei 13, 1862, nahodha mzungu akiwa amelala nchi kavu, Smalls alichukua meli na familia yake, akavaa kofia ya nahodha, akapita mbele ya mizinga ya Sumter akipiga honi zile zile zinazotakiwa, mpaka akafika kwa jeshi la kaskazini. Baadaye akawa mbunge.

"Na nahodha?" mdogo wangu akauliza.

"Alikuta gati tupu."

Alicheka hadi akashika vyuma vya daraja. Tukashuka giza likiingia. Chini yetu maji yalikuwa yanajaa, na mwezi ulikuwa mpevu. Gari nilikuwa nimeliacha ghorofa ya tatu.