Maswali ya Wasomaji: Majarida ya Sayansi kwa Watu Wasio Wataalamu

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Scientific American lilianza mwaka 1845. Je, ndilo jarida la kwanza kuwafundisha sayansi watu wa kawaida, na fundi wa zama hizo aliwezaje kulinunua jarida la namna hiyo?

JIBU: Mwaka ni huohuo, kwani Rufus Porter alitoa toleo la kwanza huko New York tarehe 28 Agosti 1845, lakini London ilikwisha kumtangulia. Mwaka 1823 Mechanics' Magazine lilianza kutoka kila juma kwa peni tatu, na mafundi wenyewe walikuwa miongoni mwa waandishi wake: mmoja huuliza juu ya mtambo fulani, mwenzake humjibu katika toleo la baadaye. Mwaka huohuo jarida hilo lilitoa wito wa kuanzishwa kwa taasisi ya mafundi. George Birkbeck, daktari aliyewahi kuwafundisha mafundi wa Glasgow, akawa rais wake, na taasisi hiyo ndiyo Birkbeck ya leo, iliyo sehemu ya Chuo Kikuu cha London.

Ama bei, jibu limo katika picha. Penny Magazine, lililoanza mwaka 1832, liliuza takriban nakala 200,000 kila juma kwa peni moja tu. Picha ya bamba la shaba ilipaswa kuchapwa peke yake, kwa mashine yake. Mchongaji wa mbao, kwa upande wake, alichonga picha kwenye uso uliokatwa kukingama wa kipande cha mti mgumu, kilichokuwa na kimo sawa na herufi za risasi za kupigia chapa, kikafungwa pamoja na maneno katika fremu moja, na vyote vikachapwa kwa mkupuo. Hata hivyo, maarifa ya Penny Magazine yaliteuliwa na mabwana wa chama kilichokuwa kikilitoa (siasa ilikuwa mwiko), na kwa maoni yangu hilo ndilo lililolidhoofisha kuliko ushindani. Lilikoma mwaka 1845.

Porter naye aliliuza jarida lake mwaka 1846 kwa dola 800 kwa Orson Munn na Alfred Beach, ambao waliongeza wakala wa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), hivyo wavumbuzi wakawa na sababu ya kufika ofisini humo. Mwaka 1877 Thomas Edison aliweka juu ya meza yao kijimashine cha kunasa na kutoa sauti, yaani fonografu, akazungusha mpini wake, nacho kikawajulia hali wahariri, kikawauliza wanakionaje, kisha kikawaaga.