Dada usitume hiyo hela ya pidiefu ya siku 90, mimi nilishailipia

Dada simama hapo hapo. Umesema binti yako yuko fomu wani, unataka awe anafanya sayansi dakika kumi na tano kila siku, na kuna mtu kakuletea pidiefu ya maswali ya siku 90, Fizikia, Kemia na Baiolojia, majibu yako nyuma, na kilichokuvutia zaidi ni kwamba hakuna swali linalojirudia. Umeuliza kama bei ni halali, afanye asubuhi au jioni, na aanze na somo gani. Hayo tuyaweke pembeni, mimi nataka hilo la "hakuna swali linalojirudia", maana hayo maneno ndo yamenifanya niache friji ya mtu imefunguliwa mgongo nikakaa chini kuandika. Mimi niliuziwa kwa maneno hayo hayo, na aliyeumia ni mwanangu.

Binti yangu alikuwa ndo kaingia kidato cha pili. Kwenye grupu letu la wazazi la WhatsApp akaongezwa jamaa anajiita mwalimu mbobezi wa masomo ya sayansi, kila asubuhi anatuma salamu na skrinishoti za watoto waliopata 19 kwa 20. Pidiefu elfu thelathini na tano, halafu elfu kumi kila mwezi ya usimamizi, yaani mtoto akimaliza unapiga picha karatasi unamtumia, anaweka tiki, anamsifia kwenye grupu, wazazi wanapiga vimakofi. Maswali 20 kwa siku, yote ya kuchagua herufi, siku 90, jumla 1,800. Nikapiga hesabu, swali moja halifiki hata shilingi ishirini, nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Tukaanza Februari. Na mtoto alifanya kweli, sitaki mtu aje hapa kusema mtoto mvivu, hakuruka hata siku moja, umeme ukikatika anafanya kwa tochi ya simu. 17, 18, 20, 19. Mada ikiisha tunaifunga tunaenda inayofuata, wiki hii kani, wiki ijayo shinikizo, wiki nyingine joto, kama mtu anapanda ngazi na kila ngazi anayoiacha nyuma inang'olewa. Mei tukamaliza, nikanunua na sehemu ya pili.

Septemba wakafanya mtihani wa majaribio na karatasi zikarudishwa. Fizikia 22. Kemia 31.

Nikadhani wamekosea kujumlisha, nikachukua kalamu nikajumlisha mwenyewe mara mbili, ni 22. Sasa kuna swali moja ndo sitalisahau. Waliulizwa waeleze kwa nini maji yanayokaa kwenye mtungi wa udongo yanakuwa ya baridi, na kwa nini siku yenye unyevunyevu mwingi hewani hayapoi sana. Alama sita. Aliacha wazi, hakuandika hata neno. Dada, mimi ni fundi friji, chakula anachokula yule mtoto kinatokana na jambo hilo hilo moja, kwamba kimiminika kikigeuka kuwa mvuke kinaondoka na joto la pale kilipokuwa. Maji yanapenya kwenye vitundu vya udongo, yanafika nje, yanakauka, na yanapokauka yanachukua joto la maji yaliyobaki ndani. Hewa ikiwa tayari imejaa unyevu yanakauka polepole, bas, hayapoi. Kwenye friji ni hivo hivo, tofauti ni kwamba gesi inazungushwa na kompresa inarudi tena. Na mtungi wenyewe uko jikoni kwa bibi yake, anachota maji humo kila akienda likizo.

Nikamuuliza, hili hukuwahi kulifanya? Akaniambia, "Baba hilo nalijua, lilikuwa siku ya kumi na moja, jibu C." Nikaenda kufungua pidiefu. Siku ya kumi na moja. Jibu C.

Yaani miezi saba baadae mtoto anakumbuka siku na herufi, ila kilichokuwa ndani ya hiyo C hakipo. Nilikaa kwenye kiti nikakosa hata cha kumwambia. Nikamchagulia maswali mengine kumi ya mwezi wa pili na wa tatu, nikayasoma bila kumpa zile herufi, alijibu mawili. Yale mawili walikuwa wameyarudia juzijuzi darasani.

Na msiniulize mama yake alikuwa wapi, alikuwa shifti ya usiku, na mimi friji za mabucha hazijui kwamba mtoto ana mtihani. Mzazi anayetoka kazini saa mbili usiku akikuta karatasi ina 18 kwa 20 anashukuru Mungu analala. Ndo maana nina hasira na yule mtu zaidi kuliko na kitu kingine chochote. Nilipompigia akasema mtoto "hakuzingatia", nimtafutie pindi za ziada za jioni, ambazo na zenyewe anazo yeye, elfu ishirini kwa mwezi. Aisee! Mtu umeuza maswali 1,800 na umejisifia kwamba hakuna hata moja litakalorudi, maana yake umeuza kusahau, kisha unakuja kumlaumu mtoto kwa kusahau. Nikaandika haya kwenye grupu kwa adabu kabisa, nikaondolewa. Kuna wazazi humo bado wanatuma picha za tiki hadi leo, na watoto wao wengine wamesoma darasa moja na wangu.

Tulikuwa na miezi miwili kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha pili, ule wa NECTA wa Novemba. Kwenye ule mtihani mtoto anaulizwa ya kidato cha kwanza na cha pili pamoja, na sisi ya kidato cha kwanza hatukuwahi kuyagusa tena tangu tuyafunge. Tulikimbizana usiku na mchana, haikutosha. Januari matokeo yakatoka, Baiolojia C, Kemia D, Fizikia F. Alitaka kuwa nesi. Bado anataka, na ntampambania, lakini alipoona ile F alinirudishia simu mkononi akaenda nje kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Sasa kanuni yangu ni hii na ukisahau mengine yote niliyoandika shika hii: LA LEO MOJA, YA ZAMANI MANNE. Maswali matano tu kwa siku. Moja la kilichofundishwa leo shuleni, manne ya nyuma, la juzi, la wiki iliyopita, la mwezi uliopita, na moja la zamani kabisa ambalo mtoto ameshaanza kulisahau. Daftari limefungwa. Hakuna herufi za kuchagua, anaandika au anakusimulia. Kama Kiingereza kinamkaba aeleze kwanza kwa Kiswahili, watoto wetu wametoka shule ya msingi maji kugeuka mvuke wakiita uvukizi, wakifika fomu wani jina linabadilika linakuwa evaporation, wengine wanadhani ni kitu kipya kabisa.

Kwa nini manne ya zamani, sababu kile kitendo cha kuhangaika kukikumbuka kitu ambacho kimeanza kupotea ndo kinakikaza kichwani. Nilidhani hii ni akili yangu ya kuungaunga kama fundi, ila shemeji yangu anafundisha chuo cha ualimu akanionyesha utafiti wa 2015 wa kule Florida, Marekani, wanafunzi wa darasa la saba, somo ni hesabu. Maswali ni yale yale kwa wote, ila mengine waliyafanya mada moja moja mpaka iishe, mengine yamechanganywa na kutawanywa kwenye siku tofauti. Waliopimwa siku moja baada ya marudio, yaliyochanganywa walipata asilimia 80, ya mada moja moja 64. Wenzao waliopimwa baada ya mwezi, yaliyochanganywa 74, yale mengine 42. Angalia hapo. Ile 64 ikaanguka mpaka 42 ndani ya mwezi tu, mimi wa kwangu nilimpa miezi saba.

Na kitu kibaya kuhusu njia ya yule jamaa ni kwamba inapendeza macho. Mada moja wiki nzima lazima upate 18, kwa sababu swali la tatu linakukumbusha la pili, na hata kabla hujasoma unajua leo ni joto, jibu litakuwa la joto. Ukichanganya, mtoto wiki za mwanzo atapata mawili kwa matano na atanuna. Usiogope hayo mawili. Mimi zile 18 ndo zilitakiwa kuniogopesha.

Mdogo wake sasa yuko kidato cha kwanza na tunatumia boksi la viatu. Vikaratasi tunakata kwenye kaunta buku, mbele swali kwa mwandiko wake mwenyewe, nyuma tarehe ya kurudi. Akipatia, tarehe inasogea, kwanza siku tatu, halafu wiki, halafu mwezi. Akikosa, kesho kinarudi. Dakika kumi na mbili hivi, mara nyingine nane. Gharama yake ni kaunta buku moja.

Ila swali likirudi lisirudi na nguo zile zile, la sivyo atakariri kama dada yake. Mfano kutu. Shuleni walifanya lile jaribio la misumari mitatu, mmoja kwenye hewa kavu, mmoja kwenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa na mafuta, mmoja kwenye maji ya kawaida yenye hewa. Siku ya kwanza kikaratasi kiliuliza tu kutu inahitaji nini, akasema maji na oksijeni. Baada ya siku tatu nikamuuliza yale maji kwa nini yalichemshwa. Kimya. Hakujua kwamba kuchemsha kunaitoa hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, na mafuta yanaizuia isirudi. Yaani jibu la "maji na oksijeni" alikuwa nalo mdomoni na jaribio lenyewe hakuwa amelielewa, bila lile swali la pili nisingejua. Wiki iliyofuata nikamuuliza kwa nini tunapaka grisi mnyororo wa baiskeli ukiacha kulainisha. Mwezi uliofuata, kwa nini bati la nyumba ya shangazi Tanga karibu na bahari limekwisha haraka kuliko letu la hapa Morogoro. Hapo aliniletea ubishi wa nusu saa kuhusu chumvi mpaka chakula kikapoa, na nilifurahi sana kwa sababu kuna siku hata mnyororo tu hakuweza.

Sisi mafundi friji tunampenda sana Erasto Mpemba, na mimi nimemsimulia kijana wangu habari yake kwa ajili ya jambo hili hili. 1963 yuko kidato cha tatu Magamba kule Lushoto, anatengeneza aisikrimu, akawahi kuweka maziwa kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda nalo hadi shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, darasa likamcheka. Alipokuja Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar kuwatembelea akalitoa tena, lile lile. Osborne akalichukua, na 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida la fizikia. Miaka yote hiyo swali moja, halijafungwa na kuwekwa nyuma. Angekuwa na pidiefu ya yule jamaa lingekuwa siku ya kumi na moja, jibu C, twende siku ya kumi na mbili.

Dada, kwa hiyo hata ukipewa hiyo pidiefu bure, usiifuate kwa mpangilio wake. Ikate vipandevipande, futa zile herufi, tupa kwenye boksi, chota. Na majibu ya nyuma yachane ukae nayo wewe, mtoto akijua jibu liko kurasa chache mbele mkono unaenda wenyewe, watoto ni watoto.

Na kama bado una wasiwasi kwamba mimi nina chuki zangu binafsi na huyo mtu, sawa, ninazo. Leo usiku kabla hujatuma hela chukua daftari lake la Baiolojia au Kemia, fungua kurasa za mwezi wa kwanza na wa pili, chagua vitu vitano, lifunge, muulize kwa mdomo wakati mnaosha vyombo. Usimpe herufi, usimsaidie neno la kwanza, subiri hata kama anakaa kimya dakika nzima. Halafu rudi hapa uniambie amepata mangapi.